Rupia Tano Zenye Tundu

Tangu nirudi hamjaniuliza jambo lingine. Kila nikikaa kwenye meza yetu ya chai pale Kondele, mmoja wenu anakohoa na kusema, "Tajiri, zile rupia je?" Omollo, ambaye hana haya, alinyanyua ufunguo wa gari langu mbele ya watu wote akauliza kama kile kipande cha shaba kinachoning'inia hapo ndicho utajiri niliowaahidi. Basi nawaandikia safari yote, ili nisirudie kuieleza kila anapofika mtu mwenye kikombe.

Mnanijua. Nilikaa Uarabuni miaka tisa. Niliingia ghala la watu nikiwa mfagizi, nikatoka nikiwa msimamizi wa zamu, na diploma ya usimamizi wa ghala nikaipata kwa kusoma Ijumaa, siku ambayo wenzangu walilala. Cheti nimekitundika sebuleni. Ukiingia tu unakiona, na asiyekiona ni kwa kupenda kwake. Nyumba niliijenga mwenyewe, na gari nililinunua bila kuchangiwa na mtu. Kazi niliyoijua huko ni moja: nipe kitu, nitakwambia ni kitu gani, kina hali gani na kina thamani gani. Kwa hiyo msinicheke mkisikia kwamba katika safari hii nilikosea mara mbili. Mtu asiye na ujuzi angekosea mara kumi.

KISUMU HADI USENGE

Dani Perpetua, yaani bibi Perpetua, ni mama wa baba yangu, na mimi nililelewa jikoni kwake. Alinipigia simu Jumatatu asubuhi, akipaza sauti kama mtu anayeita mashua iliyo mbali.

"Nyakwara," akasema, ndiyo kusema mjukuu wangu, "njoo uone rupia tano za babu yako. Zile za ayie. Si wewe umesomea kuhesabu mali ya watu? Njoo uhesabu ya kwenu."

Ayie, kwa wale wenzetu wasio Wajaluo, ni pesa anayopelekewa mama wa binti ili akubali. Ng'ombe huja na mazungumzo yao, lakini ayie ni ya mama peke yake. Ila mimi sikusikia ayie. Nilisikia rupia. Nilifungua simu nikatafuta, nikaona rupia za zamani za fedha tupu zenye kichwa cha mfalme, na muuzaji mmoja wa mbali alitaka kwa sarafu moja bei ya mtamba mzuri. Mara tano! Hapo ndipo nilipowaambia kwamba ukoo wetu ulikuwa na fedha kabla benki hazijafika ziwani. Sikatai, nilisema.

Nilifika Usenge nikiwa na viatu vyeupe. Omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa imeanikwa ufuoni kote, imetandazwa juu ya nyavu kuukuu kama zulia la fedha, na kutoka upande wa maji wingu jeusi lilikuwa linakuja. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Koth! Koth!" Mvua! Ufuo mzima ukainuka. Nilikuwa sijazima gari vizuri nilipomwona Dani, mwanamke anayekaribia miaka themanini, anakuja mbio na karai kichwani.

"Dani, habari za—"

"Salamu baadaye! Weka diploma chini, shika karai!"

Nilikusanya omena ya watu nisiowajua mpaka mvua ikanikuta katikati. Viatu vile sasa vina harufu ambayo sabuni imeshindwa nayo. Lakini baadaye nililipwa kwa omena iliyokaangwa kwa nyanya na kitunguu mpaka ikakauka vizuri, na ugali wa mtama uliosimama wenyewe kwenye sahani. Uarabuni nimekula katika hoteli yenye taa za kioo. Hawana kitu kama kile.

Tulipomaliza kunawa, Dani akaleta mkebe wa majani ya chai na kuumimina juu ya mkeka. Zikatoka kamba tano za katani, na kwenye kila kamba kulikuwa na sarafu nyeusi zenye tundu katikati, zimepangwa kama samaki wa kuuza.

"Na rupia ziko wapi?" nikauliza.

"Hizo."

"Dani, hizi ni otonglo. Senti kumi kumi za kikoloni."

"Otonglo ishirini ni shilingi ngapi?"

"Mbili."

"Na shilingi mbili ni nini? Ni rupia. Kamba moja, rupia moja. Wewe huko Uarabuni walikuwa wanakupa uhesabu nini, upepo?"

Ndipo nilipoelewa. Wakati wa ujana wake rupia yenyewe ilikuwa imeshakufa zamani, lakini jina lilibaki, na wazee waliita shilingi mbili rupia. Nilisafiri kufuata neno. Nilizipindua zile sarafu mkononi: upande mmoja taji, upande wa pili pembe mbili za ndovu zimezunguka tundu. Shaba tu. Nikawafikiria ninyi na midomo yenu.

Dani akaniangalia, kisha akasema polepole, "Mimi sikukuita uniambie zinanunua nini leo. Nilikuita kwa sababu ya hii." Akaitoa kamba ya tano na kuiweka kando. "Hesabu."

Nikahesabu. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

Akanieleza. Babu yangu, Odero, aliwahi kwenda ng'ambo ya ghuba kufanya kazi kwenye gati la Kendu Bay, meli zilipokuwa zinabeba pamba. Alirudi na ayie kwenye mfuko kiunoni. Mama yake Dani akazihesabu mbele ya mashangazi wote: zilitakiwa mia, zikawa tisini na tisa. Akasema, "Pesa yenye tundu, na tundu limeshakula moja." Hakuzitumia. Akampa binti yake azishike mpaka mume atimize. Kuanzia siku hiyo ukweni walimwita babu Tisini na Tisa, na hata kwenye mazishi yake kuna mzee aliyemtaja hivyo. Babu hakuwahi kujibu. Alicheka tu na kusema, "Huko zilikotoka ni mia."

"Nimekaa na huyo mwanamume karibu miaka hamsini," Dani akasema. "Sijawahi kumwona akiiba hata mchuzi. Lakini hesabu ni hesabu. Sasa mimi nimezeeka. Nakwenda huko walipo wote wawili, mama yangu na yeye. Nikifika, nikae upande wa nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mkisoma yanayofuata mlikumbuke, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau kesho yake asubuhi.

USENGE, ASUBUHI YA NDIMU

Katika ghala kuna kanuni: mali chafu hupata bei chafu. Niliamka mapema, nikaomba ndimu na majivu, nikakaa nyuma ya jiko. Sikutaka shida ya kufungua mafundo ya zamani, nikachukua kisu na kukata. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nikasugua sarafu themanini mpaka vidole vikawa na makunyanzi. Weusi wote ukatoka. Zikang'aa rangi ya waridi, kama ulimi wa paka. Nilijisifu peke yangu, maana hapakuwa na mtu wa kunisifu.

Nilikuwa nimeweka kisu kwenye kamba ya tano Dani alipotokea na kuni.

"Toa mkono!"

"Dani, nazisafisha, zipate bei."

"Hizo nne sawa, umeshaziogesha. Hiyo usiguse. Hiyo ndiyo kesi yangu, na kesi haioshwi."

Nikautoa mkono. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Nikamwambia nitazipeleka Kisumu kwa fundi wa saa mmoja ninayemjua, ambaye hununua sarafu za zamani. Huyo akiziona atajua kila kitu. Dani akaingia ndani na kutoka amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, mkoba kwapani.

"Unaenda wapi?"

"Pesa hii ilisafiri mara moja bila mimi, na angalia maneno iliyoleta. Fungua mlango wa gari."

KISUMU, KWA FUNDI WA SAA

Kwanza ilibidi tupite Dunga, kwa sababu Dani alikuwa amesikia maisha yake yote kwamba samaki wa Dunga ni wakubwa. Muuzaji mmoja akamwinulia ngege mnene, anayetosha watu wawili.

"Mama, angalia huyu."

Dani akamwangalia kwa huruma. "Huyu ndiye mnamwita ngege? Kwetu Usenge huyu bado yuko shule ya chekechea."

"Mama, usinifungie biashara!"

"Sikufungii. Nasema arudi kwa mama yake."

Walibishana mpaka wakawa marafiki, tukakaangiwa huyo huyo mwanafunzi, na Dani akamla mpaka jicho. Akasema si mbaya kwa mtoto.

Fundi wa saa ana kibanda chake si mbali na steji kuu, na kijioo chake cha kukuzia hukifunga jichoni kwa mpira. Nikammwagia sarafu zangu themanini juu ya kitambaa, zikimeta. Hakuchukua hata moja.

"Nani amezisugua?"

"Mimi. Kwa ndimu na majivu. Kitaalamu."

"Pole, Mzee." Alisema pole kama watu wanavyosema msibani. Akanieleza kwamba ule weusi ndio ngozi ya sarafu, imeota kwa miaka na miaka, na anayekusanya vitu vya zamani huilipia ngozi hiyo. Isitoshe, otonglo zilitengenezwa nyingi kama mvua. "Zikiwa na ngozi yake, shilingi thelathini kwa moja, labda arobaini. Hizi umezichuna. Nitakupa kumi kumi, niwauzie watu wa kutengeneza hereni."

"Bwana, mimi nina diploma ya mambo ya mali."

"Ya ndimu?" akauliza, bila kucheka.

Aliyecheka ni Dani. Alicheka mpaka akatafuta stuli ya wateja akakaa, akijifuta macho kwa kitambaa cha kanisani. Kisha akatoa kamba ya tano mkobani na kicheko kikamtoka usoni.

"Na hii, Baba. Ni ngapi?"

Fundi akazihesabu kwa ncha ya kibano. "Kumi na tisa, Mama."

"Basi," akasema Dani, akainamisha kichwa. "Nilijua."

Sikuwahi kumwona Dani akiinamisha kichwa mbele ya mtu. Hapo ndipo lile swali lake liliponirudia, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimewaza hereni.

Lakini fundi hakuirudisha kamba. Aliishika mwisho wake, akasogeza kijioo. "Ngoja. Hili fundo nimeliona mara moja. Kendu Bay kuna mama mmoja, Bi Zuhura, anauza leso upande wa msikiti wa zamani. Baba yake alikuwa na duka enzi za meli. Aliniuzia mkebe wa otonglo, na kamba moja ilikuwa na fundo lenye masikio mawili kama hili. Mimi najua bei za leo tu. Muulizeni yeye."

Dani akainua kichwa. "Kendu ni mbali?"

"Si mbali na gari langu," nikasema. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, na kwa kweli nilikuwa naliamini.

KATITO, TUNDU LINGINE

Gari langu lilianza kutoa mvuke tulipokuwa tunaikaribia Katito, pale barabara ya Kendu Bay inapoiacha ile ya Kisii. Makanika mmoja akafungua boneti, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mkubwa, rejeta imetoboka."

Dani, aliyekuwa ameshushiwa kiti chini ya kivuli cha duka la mbolea, aliisikia vizuri sana. "Hata gari iko na tundu! Mama yangu angekuwa hai angekukatalia binti."

Tulikaa hapo saa tatu. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na njugu za maganda, na Dani akawa amejua majina ya watoto wa watu wote wa upande ule wa soko. Mimi nilizitandaza sarafu zangu kwenye kiti cha gari, nikizitazama kama mtu anayetazama mtihani alioanguka. Mama mmoja muuza sukuma wiki akasimama mlangoni.

"Baba, washa hizo ni pesa ngapi?"

"Haiwezi kuwaka, Mama. Mpaka rejeta izibwe."

"Sijasema gari. Nasema washa."

"Nami nakwambia nikiiwasha sasa injini itaungua!"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyetoboka. "Washa za misumari, Baba! Za bati! Hizo hapo, zenye tundu!" Akachukua moja na kuionyesha kwa wenzake. "Nyumba ya baba yangu hapa Nyakach imepigiliwa kwa hizi hizi. Siku hizo washa ya dukani ilikuwa ghali kuliko otonglo, watu wakapigilia pesa yenyewe. Mpaka leo bati halivuji hata tone. Nitakupa kumi na tano kwa moja, chukua nauli."

Shilingi kumi na tano! Ilikuwa bei bora kuliko ya Kisumu. Nakiri, mkono wangu ulikwenda kwenye sarafu. Dani hakuinuka hata kwenye kiti.

"Haziuzwi, nyathina," akamwambia yule mama, yaani mwanangu, kama anavyomwita kila aliye mdogo kwake. "Zinaenda kortini."

KENDU BAY, KWA BI ZUHURA

Bi Zuhura ni mwanamke mwembamba wa miaka sabini na ushei, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na Kiswahili kilichonyooka kutushinda sisi sote. Kijaluo chake pia hakina kasoro. Babu zake walikuja na biashara, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Tulimkuta akikunja leso. Hakutuuliza tunataka nini. Alituletea chai ya tangawizi na mahamri ya moto, akamwuliza Dani kuhusu mgongo, akamweleza kuhusu wake, na wakafika mpaka kwenye magoti kabla sijapata nafasi ya kusema neno.

Hatimaye Dani akatoa kamba ya tano na kumwekea kiganjani.

Bi Zuhura hakuhesabu. Alipitisha kidole gumba kwenye kamba mpaka kikafika kwenye fundo, kikasimama hapo.

"Hii ni rupia ya mwisho," akasema.

"Ya mwisho kivipi?"

"Ya mwisho ya mia. Mumeo alikuwa mpagazi wa gatini?"

"Alibeba pamba. Sijui zaidi. Hakuwa anasema."

Bi Zuhura akaondoa leso kwenye kaunta, akaiweka kamba katikati yetu. "Basi nisikilize, dada yangu. Pale gatini gunia moja lilikuwa otonglo moja. Wapagazi hawakusoma, na hawakuamini kitabu cha karani. Kwa hiyo nyapara aliwatungia mbele ya macho yao: umefikisha gunia melini, otonglo inaingia kambani. Zikifika ishirini anafunga, rupia. Na mtu akifikisha gunia mia, nyapara anachukua moja yake, ujira wa kutunga. Waliiita ya kamba. Halafu kamba ile ya mwisho anaifunga fundo hili la masikio mawili, ili kila mwenye duka ajue: hii ndani ni kumi na tisa, na thamani yake ni ishirini."

"Na wenye maduka walikubali?" nikauliza. Nilitaka kuuliza kitu cha kitaalamu.

"Kendu nzima ilikubali. Mimi nilikaa kwenye kaunta hii nikiwa msichana. Siku moja nikazihesabu mbele ya mpagazi, nikamwambia, mzee, imepungua. Baba yangu alinipiga kofi hapo hapo. Akasema, ukilihesabu fundo la nyapara unamtukana mwenye mgongo."

Dani alikuwa ameweka kikombe chini. "Na ng'ambo? Kule kwetu Usenge?"

"Kule nani angelijua? Lilikuwa fundo la Kendu. Likivuka maji linakuwa kamba tu."

Nje mtu alikuwa anauza barafu za watoto kwa baiskeli, akipiga kengele.

"Gunia mia," Dani akasema.

"Gunia mia."

"Gunia la pamba lilikuwa zito?"

"Wanaume wawili walimtwika mmoja, naye akatembea nalo peke yake."

Dani akagusa bega lake mwenyewe la kulia. "Odero alikuwa na nundu hapa. Ngumu, kama pera. Miaka yote nilimpaka samli ikimuuma wakati wa baridi. Aliniambia ni kasia lilimpiga." Akanigeukia mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyedanganya. "Kasia! Kwa nini hakusema? Mama yangu alimtukana mbele ya watu, naye akacheka tu."

Bi Zuhura akaanza tena kukunja leso. "Wewe unajua kwa nini, dada yangu. Usinilazimishe niseme mimi."

Na Dani alijua. Hata mimi nilijua, ingawa nilikaa mbali miaka tisa. Mkwe habishani na mama mkwe. Anasimama mbali, anaangalia chini, na akibishana amepoteza hata akishinda. Babu angejitetea kwa neno moja tu, angeonekana mtu asiye na adabu. Akachagua kuonekana mwizi.

Baada ya kitambo Bi Zuhura akaziona zile themanini zinazong'aa mkobani. "Na hizi maskini nani amezichubua?"

"Huyu," akasema Dani. "Ana diploma."

"Alitaka na hii?"

"Kisu kilikuwa kimeshaigusa."

Bi Zuhura akanitazama juu ya miwani. "Mngelikata hili fundo, mwanangu, mngeniletea otonglo tupu. Nami ningehesabu kumi na tisa kama mtu mwingine yeyote."

Nilinyanyua kikombe changu nikanywa chai ambayo ilikuwa imeisha.

FERI YA MBITA

Dani alikataa kurudi kwa njia tuliyojia. Alitaka kuvuka maji. Kwa hiyo tulishika barabara ya Homa Bay mpaka Mbita, tukaingiza gari kwenye feri ya Luanda Kotieno. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyepanda miguu ya mbele na kukataa kuleta ya nyuma. Kila abiria alikuwa na ushauri. Dani akaenda akamnong'oneza ng'ombe kitu sikioni, na sijui alimwambia nini, lakini alipanda.

Majini alisimama kwenye chuma cha pembeni, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilidhani analia, nikamfuata. Alikuwa anacheka peke yake.

"Nini, Dani?"

"Namwona akivuka hapa na zile otonglo kiunoni, anajiona tajiri. Anasema moyoni, huyu mama atafurahi." Akatikisa kichwa. "Maskini Odero. Alikuwa na mia mpaka hapa katikati. Akishuka kule, tisini na tisa."

"Sasa utakaa upande wa nani, ukifika huko?"

Hakufikiri hata kidogo. Naona alikuwa ameshalimaliza tangu Kendu. "Katikati. Mama hakukosea kuhesabu. Odero hakukosea kubeba. Mimi nitakaa katikati niwatambulishe upya."

Akageuka akamwambia mwanamke aliyekuwa karibu, mtu asiyemjua kabisa, mwenye kuku wawili ndani ya kikapu: "Mume wangu alibeba gunia mia za pamba kwa sababu yangu. Wako alibeba ngapi?"

"Mama," akajibu yule, "wangu hata mtungi wa maji anasema mgongo."

Feri yote upande ule ikacheka.

USENGE TENA

Alinipa kazi kabla sijala. Alileta katani mpya, akanikalisha mkekani pale pale nilipohesabu mara ya kwanza, na kuniambia nizitunge zile themanini kama nilivyozikuta. Ishirini, fundo. Ishirini, fundo. Nilipofika kamba ya nne nilijaribu kulifunga lile la masikio mawili, kwa kuliangalia la nyapara. Sikuweza. Nimefunga maboksi ya nchi saba kwa mikono hii, na fundo la mpagazi likanishinda.

"Acha," Dani akasema. "Hilo hufungi mpaka ubebe."

Akazipanga tano mkebeni, nne za waridi na moja nyeusi. Kisha akafikiri, akafungua tena kamba niliyoifunga vibaya, akatoa otonglo moja na kuniwekea kiganjani, akanikunja vidole juu yake.

"Ya kamba," akasema.

"Dani! Zitakuwa tisini na nane."

"Nani anahesabu?"

Basi, Omollo, hiyo ndiyo unayoiona kwenye ufunguo wangu. Uliniuliza ina thamani gani, na swali lako ni halali, hiyo ndiyo kazi yangu. Fundi wa saa anasema shilingi kumi. Mama wa Katito anasema kumi na tano, na bati halitavuja. Mimi nimeipima kwa ujuzi wangu wote, na jibu langu ni hili: gunia moja la pamba, kutoka ghalani mpaka melini, begani mwa mtu mmoja, bila kusema. Ukiwa na bei hiyo njoo nayo Kondele, nitakupa ufunguo wote, na gari pamoja na rejeta yake mpya. Kama huna, rudisha ufunguo mezani unywe chai yako.